Istilahi Zilizolala na Istilahi Zinazotenda: Uhakiki wa Kiswahili cha Kusimika Seva ya Wavuti kwa Kurejelea Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili mtu aweze kusimika seva ya wavuti na kuifanya itekeleze msimbo wa lugha ya skripti, hususani PHP. Hoja inayojengwa ni kwamba uhakiki wa istilahi za kompyuta umezoea kulipima neno mojamoja likiwa katika orodha, ilhali kazi ya kusimika seva huyakutanisha maneno hayo ndani ya sentensi moja ya kuamuru, na hapo ndipo upungufu wake hujitokeza. Uhakiki umeongozwa na vigezo vya Kiingi vinavyojulikana kwa kifupisho cha PEGITOSCA, ingawa makala yanaonesha mahali vigezo hivyo vinapopwaya. Bukoba na Muleba zimechaguliwa kwa kuwa Kiswahili huko huishi sambamba na Kihaya, na kwa kuwa jiografia ya visiwa vya Muleba huifanya seva ya karibu kuwa hitaji la kweli.

1. Utangulizi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa programu zake. Kwa nchi ambayo mwaka 1974 ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta, safari hiyo ya miaka thelathini haikuwa fupi, na wanaistilahi walioifanya wanastahili heshima. Maneno kama kivinjari, tovuti, kabrasha, nywila na kupakua yamekwishaingia katika matumizi, na mengine yametoka midomoni mwa wataalamu hadi kwa wauza vocha.

Hata hivyo, mafanikio hayo yana mpaka ambao haujasemwa vya kutosha. Istilahi karibu zote zilizosanifiwa katika wimbi lile zilimlenga mtu aliyekaa mbele ya skrini akiandika barua, akijaza jedwali au akisoma habari. Mtu aliyekaa nyuma ya skrini hiyo, yaani yule anayeifanya kompyuta iwe chanzo cha kurasa badala ya kuwa mpokeaji, hakuandaliwa lugha. Mwongozo rasmi wa PHP umefasiriwa katika Kijapani, Kifaransa, Kirusi, Kituruki na lugha nyinginezo kadhaa, Kiswahili hakimo. Nyaraka za Apache zinasomeka kwa Kikorea na Kituruki, Kiswahili hakimo. Kwa maoni yangu, upungufu huu si wa idadi ya kurasa zilizofasiriwa tu. Unamgawia mzungumzaji wa Kiswahili nafasi yake katika teknolojia: anaandaliwa kuwa mteja wa mitambo ya wengine, na lugha ya kuwa mwenye mtambo haandaliwi.

Suala hili lina uzito wa pekee wilayani Muleba. Wilaya hiyo ina visiwa vingi ndani ya Ziwa Viktoria, kikiwamo Bumbire, na si kila mahali ambapo mawimbi ya simu hufika kwa nguvu ya kutosha kufungua kurasa zilizohifadhiwa ng'ambo. Kompyuta ndogo iliyosimikwa kama seva ndani ya zahanati, shule au chama cha msingi cha wakulima huweza kuhudumia simu zilizo jirani nayo bila intaneti kabisa, mradi kuna kisambaza mawimbi cha bei nafuu. Kinachohitajika ni mtu mmoja wa mahali hapo anayejua kuisimika na kuirekebisha inapogoma. Swali la makala haya ni dogo lakini gumu: je, mtu huyo anaweza kuelekezwa kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, bila kupotoshwa na maneno yenyewe?

2. Vigezo na mahali vinapopwaya

Kiingi, mwanaisimu wa Uganda, alipendekeza vigezo tisa vya kupimia istilahi: usahihi, iktisadi, uzalishaji, ukimataifa, uangavu, staha, mfumo, uwiano na ukubalifu. Tasnifu nyingi za istilahi za Kiswahili zimeutumia mkabala huu, na ni rahisi kuona kwa nini. Vigezo vyake ni vya wazi, vinagusa umbo na maana, na havimlazimishi mtafiti kuchagua kati ya asili ya neno na manufaa yake.

Tatizo ni namna vinavyotumiwa. Mtafiti huchukua orodha ya istilahi, huzipanga katika jedwali, kisha huipa kila moja alama kwa kila kigezo. Neno linalopata alama nyingi hutangazwa kuwa istilahi faafu. Utaratibu huo unafaa kwa majina ya sehemu za ua au ya mifupa ya mwili, kwa sababu majina hayo husomwa hivyo hivyo, moja baada ya jingine. Maelekezo ya kazi hayasomwi hivyo. Humo neno hupokea amri kutoka kwa kitenzi kilichotangulia, hukabidhi kitu kwa neno linalofuata, na msomaji hana muda wa kusimama na kujiuliza lipi ni lipi, kwa kuwa vidole vyake viko juu ya kibodi. Istilahi mbili ambazo kila moja peke yake ni faafu huweza kuharibiana zikikaa sentensi moja. Kigezo cha mfumo kilipaswa kulinasa jambo hili, lakini katika tasnifu nyingi kimebaki kueleweka kama ulinganifu wa viambishi.

Kwa sababu hiyo, uhakiki huu hauanzi na orodha. Unaanza na kazi yenyewe, ielezwe kwa Kiswahili kinachopatikana, kisha tuone maelezo yanakwama wapi.

3. Kazi yenyewe

Mtu anapofungua kivinjari katika simu yake na kuandika anwani, kivinjari hutuma ombi. Ombi hupokewa na seva, yaani programu inayokaa ikisikiliza katika mlango fulani wa kompyuta, kwa kawaida mlango namba 80. Ikiwa kilichoombwa ni picha au ukurasa tuli, seva hulichukua faili kama lilivyo na kulirudisha. Ikiwa ni faili la PHP, seva haipaswi kulirudisha kama lilivyo. Inapaswa kulikabidhi kwa programu nyingine inayoielewa PHP, ingoje matokeo, kisha irudishe matokeo hayo tu. Apache hufanya makabidhiano hayo kwa njia mbili kuu. Ama kitekelezi cha PHP huingizwa ndani ya Apache yenyewe kama moduli, ama hukaa pembeni kama huduma inayojitegemea, iitwayo PHP-FPM, na Apache huipelekea maombi. Nginx, seva iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, hutegemea njia ya pili.

Katika mifumo endeshi ya jamii ya Debian, anayesimika huweka Apache, huweka PHP pamoja na moduli yake, kisha huweka faili lake katika kabrasha la /var/www/html. Hufungua kivinjari na kuliita. Akiona matokeo, amefaulu. Akiona msimbo wake mwenyewe umetandazwa kwenye skrini kama barua iliyofunguliwa, makabidhiano hayajafanyika: seva imelichukua faili la PHP kama ukurasa tuli na kulirudisha lilivyo.

Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na nitaisimamia kidogo. Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa Muleba kinachotaka kurekodi uzito wa kahawa ya maganda ulioletwa na kila mwanachama, malipo ya awali aliyopokea na anachodai. Msimbo wa PHP wa ukurasa huo aghalabu hubeba jina na nywila za kufungulia hifadhidata, au hulirejelea faili lenye siri hizo, ambalo nalo ni la PHP. Seva isiyojua kukabidhi itamwonesha siri hizo yeyote atakayeita ukurasa. Katika mkoa ambao biashara ya butura, yaani kuiuza kahawa ingali mtini kwa bei ya shida, imekuwa ikipigwa vita kwa miaka mingi, kumbukumbu ya nani amelipwa nini na nani bado anadai si karatasi ya kawaida. Anayeijua anajua pia nani ana njaa.

Sasa tutazame lugha. Aya hizi zimewezekana kuandikwa kwa Kiswahili bila kukopa sentensi ya Kiingereza, na kiini chake kimebebwa na kitenzi kimoja, kukabidhi. Kila Mtanzania aliyewahi kushuhudia makabidhiano ya ofisi anakielewa: anayekabidhi hubaki na dhamana mpaka apokewe, na kinachokabidhiwa hakitupwi barabarani. Ni kitenzi angavu, sahihi na chenye uzalishaji. Tunapata makabidhiano, mkabidhi, kukabidhiwa, kukabidhiana. Hata hivyo, sijakikuta kikipewa nafasi miongoni mwa istilahi za kompyuta, na sababu yake inaelekea kuwa rahisi. Orodha za istilahi hukusanya nomino. Kitendo ambacho ndicho roho ya kazi nzima kimeachwa nje kwa kuwa hakionekani kwenye skrini kama kitufe.

4. Mzizi wa -tum- na hatima ya mtumishi

Wapo wanaopendekeza kwamba seva iitwe mtumishi, kwa hoja ya uangavu na ya kutumia rasilimali za ndani ya lugha. Likiwa peke yake, neno hili linapata alama nzuri. Ni la Kibantu, lina uzalishaji, na kwa mzungumzaji wa Kihaya mzizi wake si mgeni, kwani Kihaya nacho kina kitenzi okutuma chenye maana ileile ya kutuma. Sasa liwekwe kazini:

Mtumiaji hutumia kivinjari kutuma ombi kwa mtumishi, na mtumishi hutumia PHP kutuma jibu kwa mtumiaji.

Sentensi ni sahihi kisarufi. Katika maneno yake kumi na matano, manane yanatokana na mzizi mmoja. Msomaji anayesikia Kiswahili kama lugha ya pili, na anayesoma kwa haraka, atatofautisha mtumiaji na mtumishi kwa mwisho wa neno tu, na mwisho huo ndio unaoamua nani anaomba na nani anajibu. Zaidi ya hapo, mtumishi tayari amejaa maana nyingine. Kuna mtumishi wa umma, na kuna mtumishi wa Mungu anayehubiri Jumapili. Wote wawili ni watu, na ngeli ya kwanza inalazimisha mtambo nao usemwe kana kwamba ni mtu: mtumishi amezimika, mtumishi amejaa. Sidhani kwamba kigezo cha staha kilikusudiwa kwa mambo haya, lakini sentensi ya pili inachekesha.

Mhudumu anaiepuka migongano ya -tum-, na ana jamaa nzuri: huduma, kuhudumia, kuhudumiwa. Hata neno mteja, ambalo ndilo mwenzake, limekwisha kuzoeleka nchini kupitia sauti ya mitandao ya simu inayotuarifu kwamba mteja tunayempigia hapatikani kwa sasa. Lakini mhudumu naye ni mtu, na katika mji wa Bukoba atatafutwa baani au wodini kabla hajatafutwa ndani ya kompyuta.

Uamuzi wangu ni kwamba seva ibaki kuwa nomino, kwa usahihi na ukimataifa wake, na kuhudumia kiwe kitenzi chake. Seva huhudumia kurasa. Apache ni huduma. Wanaodai kwamba kuacha mkopo ubaki ni kushindwa kwa lugha wanasahau kwamba Kiswahili kimelibeba neno meza kutoka Kireno bila kuona aibu. Pale ambapo mkopo unaziba pengo la nomino na kitenzi cha ndani kinabeba kitendo, kila kimoja kimefanya kazi yake.

Neno mlango nililotumia juu linahitaji ulinzi pia. Anayefasiri neno kwa neno atavutwa kuandika bandari, na mkazi wa Bukoba au Kemondo anaijua bandari: ni gati, ni meli, ni mizigo. Sitiari si mbaya, ila inazingatia ukubwa badala ya idadi. Kompyuta moja ina milango elfu nyingi yenye namba, na seva husimama nyuma ya mmoja ikisikiliza anayebisha. Nyumba yenye milango mingi inaeleweka. Mji wenye bandari elfu nyingi haueleweki.

5. Vitenzi vya amri

Ikiwa nomino zinaweza kukopwa, vitenzi ndivyo vinavyoamua kama maelekezo yatatekelezeka. Tuanze na kitenzi cha kwanza cha kazi yote. Istilahi iliyoenea katika violesura ni kusakinisha, yenye chimbuko la Kiarabu katika dhana ya kukaa mahali. Kwa anayejua sakini, maana ni kuifanya programu iweke makazi. Ni sitiari nzuri, ila uangavu wake ni wa mwambao. Kwa msomaji wa Muleba neno hili halina jamaa anayelijua, na hulipokea kama anavyolipokea neno la Kiingereza: kwa kukariri.

Mafundi wana neno lao, kufunga. Wanafunga umeme wa jua, wanafunga dishi, wanafunga kamera. Ni neno lililo hai na lenye maana ileile hasa inayotakiwa, lakini kwenye kompyuta ni mtego. Katika violesura vya Kiswahili, kufunga programu ni kuiondoa kwenye skrini. Maelekezo yanayosema "funga Apache" yanamwamuru msomaji mmoja aiweke na mwingine aizime. Wale mafundi wa vijana wanaosema "kupiga Windows" wameukwepa mtego huo bila kusoma nadharia yoyote, na ingawa kitenzi piga hakitakubalika katika maandishi rasmi, utaratibu wake ni wa Kiswahili kabisa: tunapiga pasi, tunapiga rangi, tunapiga deki. Makala haya yametumia kusimika. Kagera inalijua neno hilo kwa askofu na kwa kiongozi wa jadi: anayesimikwa hawekwi tu mahali, hupewa mamlaka ya kufanya kazi yake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwa na programu ndani ya diski na kuwa na seva inayosikiliza. Napendekeza kusakinisha kuachwa kwa programu za kawaida na kusimika kutumike kwa huduma. Tofauti hiyo haipo hata katika Kiingereza cha kawaida cha kazi hii, na sioni kwa nini Kiswahili kiikatae kwa sababu hiyo.

Neno jingine linalostahili kutiliwa shaka ni kuwezesha. Mifumo ya Linux ya sasa hutofautisha amri mbili za huduma. Ya kwanza, systemctl start, huiwasha seva sasa hivi. Ya pili, systemctl enable, huiagiza kompyuta iwashe seva hiyo yenyewe kila kompyuta inapowaka. Katika Debian na jamaa zake hatua ya pili hufanyika yenyewe Apache inapowekwa. Katika mifumo ya jamii ya Red Hat sivyo, na asiyelijua hilo huondoka akiamini amemaliza. Kiingereza cha amri ya pili kikifasiriwa kwa kamusi hutoa "wezesha". Wezesha nini? Neno hili limezoea mikutano ya maendeleo, ambako vikundi huwezeshwa na wanawake huwezeshwa, na halina dokezo lolote la wakati wala la kujirudia. Kwa kipindi kirefu Kagera ilipata umeme wake kutoka Uganda, nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwake hakuhitaji kusimuliwa. Seva iliyowashwa bila kuagizwa kujiwasha itazimika umeme ukikatika, na umeme ukirudi kompyuta itawaka na seva haitawaka. Zahanati ya kisiwani itaambiwa mashine imeharibika. Kwa kigezo cha iktisadi, "wezesha" inaishinda "iwake yenyewe umeme ukirudi" kwa neno moja dhidi ya manne. Huu ni mfano wa kigezo kinachompa ushindi asiyestahili.

Kuhusu kupakia na kupakua sina mengi. Jozi hii ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya wanaistilahi. Kupakua kulikotoka jikoni, pale chakula kinapotolewa chunguni, kumehamia kwenye mtandao bila kuvunja kitu. Ugumu unaanzia kwenye "pakia upya". Anayebadili faili la usanidi la Apache hana budi kuiamuru seva ilisome upya, na maelekezo mengi yatasema pakia upya. Anayebadili faili la PHP kwenye kompyuta yake na kulipeleka tena kwenye seva naye amelipakia upya. Amri moja, kazi mbili, mahali pawili. "Soma upya usanidi" inatosha kwa kazi ya kwanza.

6. Mkalimani na mfasiri

Uhakiki wowote wa lugha ya skripti lazima ukabili namna ya kuieleza programu inayotekeleza skripti. Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana hazina ambayo wanaistilahi wa kompyuta hawajaitumia vya kutosha. Taaluma yetu imetofautisha kwa muda mrefu tafsiri na ukalimani. Mfasiri hupewa matini nzima, huketi nayo, na hutoa matini nzima katika lugha lengwa. Msomaji huipokea mfasiri akiwa hayupo. Mkalimani husimama kati ya msemaji na wasikilizaji na huhamisha maana papo kwa papo. Mtu wa Bukoba hahitaji ufafanuzi: amemwona mkalimani akisimama kando ya mhubiri mgeni, sentensi ikitoka kwa Kiswahili na kuingia kwa Kihaya.

Lugha ambazo msimbo wake hugeuzwa wote kabla ya kutumika, kama vile C, zina mfasiri. Lugha za skripti zina mkalimani, anayepaswa kuwapo kila mara ukurasa unapoombwa. Sitiari hii inaeleza kwa mkupuo mmoja kwa nini faili la PHP lililohamishiwa kwenye kompyuta isiyo na PHP halifanyi kitu: hotuba imefika, mkalimani hakuja. Inaeleza pia lile janga la msimbo uliotandazwa kwenye skrini. Wasikilizaji wamepewa hotuba ghafi.

Ukweli una mkunjo mmoja zaidi, na mtahini makini ataudai. PHP haisomi mstari na kuutekeleza kisha kwenda mstari unaofuata. Hulisoma faili zima, huligeuza kuwa maagizo ya kati, ndipo huyatekeleza. Na tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013 imekuja na OPcache, inayoweza kuyahifadhi maagizo hayo ili ombi lijalo lisianze upya. Basi mkalimani wetu ni yule anayeisoma hotuba yote kabla ya kupanda jukwaani, huandika muhtasari wake, na hubaki nao mfukoni kwa ibada ya pili. Wakalimani wa namna hiyo wapo. Sitiari inapinda lakini haivunjiki, na mahali inapopinda ndipo mwanafunzi anapojifunza jambo jipya: akibadilisha faili na matokeo yakabaki ya zamani kwa kitambo, aulize kama mkalimani bado anasoma muhtasari wa jana.

7. Pingamizi la Kiingereza

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba lugha ya mashine ni Kiingereza, ujumbe wa makosa hutolewa kwa Kiingereza, na kwa hiyo juhudi ya Kiswahili ni mzunguko usio wa lazima. Pingamizi hili lina nguvu kuliko watetezi wa Kiswahili wanavyokubali. Anayesimika seva Muleba atakutana na ujumbe wa Kiingereza, na hakuna kamusi itakayomwepusha nao.

Historia ya PHP yenyewe, hata hivyo, inatoa ushahidi wa kushangaza. Lugha hii ilianzishwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliyeitoa hadharani mwaka 1995. Baadaye ilijengwa upya na Andi Gutmans na Zeev Suraski, waliokuwa wanafunzi wa Technion huko Haifa, na toleo lao, PHP 3, lilitoka mwaka 1998. Alama ya nukta mbili maradufu walipaswa kuipa jina ndani ya kisoma msimbo, nao wakaipa jina la Kiebrania: paamayim nekudotayim. Kwa miaka mingi yeyote aliyekosea kuiweka alama hiyo, awe Nairobi au New York, aliletewa jina hilo katika ujumbe wa kosa. Mashine, kumbe, haina lugha ya kuzaliwa. Husema lugha ya aliyeiandika.

Ushahidi huo una upande wa pili ambao sipendi kuuficha kwa kuwa unanikata mwenyewe. Jina hilo halikusaidia mtu yeyote nje ya wazungumzaji wa Kiebrania. Likawa maarufu kwa kuwachanganya watu, ambao walilazimika kuuliza maana yake kabla ya kurekebisha kosa la herufi mbili. Istilahi isiyo angavu kwa anayeitumia ni kikwazo hata kama inatoka katika lugha isiyo ya kikoloni. Sakinisha kwa mzungumzaji wa Kihaya asiyejua sakini haiko mbali sana na nekudotayim. Anayetetea Kiswahili kwa hoja ya utambulisho peke yake atajikuta akiitetea istilahi ambayo haimsaidii mtu.

8. Nafasi ya Kihaya

Suala la mwisho ni la mbinu. Tafiti zinazopima uangavu wa istilahi za Kiswahili huchukulia, kwa kimya, msomaji ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza. Msomaji huyo ni wachache nchini. Katika Bukoba na Muleba, mtu huja kwenye istilahi akiwa na Kihaya nyuma yake, na uangavu wa neno kwake hutegemea kama mzizi wake unasikika katika lugha zote mbili. Kwa kipimo hicho kutuma kuko karibu, kusakinisha na usanidi viko mbali. Neno kukabidhi, licha ya chimbuko lake la Kiarabu, limefika karibu kwa njia nyingine: limepitia ofisi ya kijiji, chama cha msingi na kanisa, likazoeleka kwa kuonekana likitendwa. Uangavu, basi, haupatikani katika mzizi peke yake. Tasnifu inayofuata vigezo vya Kiingi katika mkoa huu ingepaswa kutenga safu mbili chini ya kigezo hicho, moja ya asili ya neno na nyingine ya mazoea ya kitendo, na kuzijaza baada ya kumwona mtu akiisoma amri na kuitekeleza, seva ikiwa imewashwa mbele yake.